Kutoka Mlima Kenya hadi Takwa

Sisi Wameru hulelewa na hadithi ya bahari, hali wengi wetu hatujapata kuiona bahari yenyewe. Wazee wa Imenti, Tigania na Igembe husimulia kwamba mababu waliishi Mbwaa, kisiwa chenye maji yanayojaa na kupwa. Wakaja watu wa Nguo Ntuune, wavaa nguo nyekundu, wakawatumikisha. Mabwana hao waliwapa mababu kazi zisizowezekana. Waliwataka walete ndara ya ngozi yenye manyoya pande zote mbili. Wazee wakakaa, wakafikiri, wakaikata kutoka ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Waliwataka walete ndama anayetoa kinyesi cheupe, na hilo nalo wakalipatia njia. Mwisho wakaambiwa wafue mkuki mrefu utakaogusa mbingu. Hapo akili ikagota. Usiku ule kiongozi wao, Koomenjwe, akayapiga maji kwa fimbo, njia ikafunguka. Waliovuka gizani wakawa ukoo wa Njiru, waliovuka alfajiri wakawa Ndune, waliovuka jua limetoka wakawa Njeru. Koo hizo zipo hadi leo, na Mmeru anayejua kwao atakwambia ni wa rangi ipi, mweusi, mwekundu au mweupe.

Wanahistoria wamekuwa wakiitafuta Mbwaa kwenye ramani. Jeffrey Fadiman, Mmarekani aliyekusanya masimulizi ya wazee wetu, aliiweka kwenye kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, na kuondoka kwa mababu akakuweka mwanzoni mwa karne ya 18. Alfred M'Imanyara, katika kitabu chake cha 1992, aliona safari hiyo ilianzia mbali zaidi, akaifuatisha hadi bonde la Nile. Mimi hujihisi karibu na Manda, kwa sababu maji ya Mbwaa hujaa na kupwa kila siku, na mto haufanyi hivyo.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwangu kwa kuwa mimi ni Mmeru na ni Mwislamu. Baba yangu alisilimu akiwa kijana mjini Meru. Ndugu zake wakabaki kanisani, na hatujawahi kugombana kwa ajili ya dini. Lakini baba mkubwa, anayekaa Nkubu, kila nikimtembelea hunirudia kwa neno lile lile: "Mwanangu, mnaelekea kibla cha watu waliotukimbiza." Hasemi kwa chuki. Anasema kama mtu anayemkumbusha mwanawe deni la ukoo. Nami kwa miaka mingi nimekuwa nikimjibu kwa heshima bila ya kuwa na jibu. Misikiti ya kale ya pwani nilikuwa nimeisoma vitabuni tu, picha za kuta nyeupe zisizo na paa. Nikaamua niende nikaione, na niende kwa njia ambayo wazee husema mababu walipandia, nikiifuata kinyume: kutoka mlimani, kuteremka na mto Tana, hadi baharini.

Kabla ya kuondoka nilipita kwenye Makumbusho ya Meru, katikati ya mji. Jengo lake la mawe lilijengwa mwaka 1916 kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Ukutani ndani kuna picha na vyombo vya kazi, na nje uani kuna boma la Kimeru lililojengwa kwa miti na nyasi kama zamani. Nilisimama kati ya majengo hayo mawili kwa muda. Kila anayeingia husomewa jina la serikali iliyoitaka ile ofisi ya mawe. Aliyeyavunja mawe machimboni, aliyeyabeba, aliyeyapanga, hatajwi. Nililibeba swali hilo safari nzima, na kama nisingelibeba, nadhani nisingeona nilichokiona pwani.

Barabara ya Meru kwenda Embu hupita mashariki mwa mlima, ikipanda na kushuka mabonde ya mito baridi. Ukishavuka mto Thuci, baada ya Chuka, umeingia Embu, na hadithi hubadilika. Waembu hawasemi walitoka baharini. Wao husema walianzia papo hapo, kwenye kichaka kitakatifu karibu na Runyenjes, kwa Mwenendega na mkewe Nthara. Majirani wawili wanaoelewana lugha, wanaooana, wanaouziana ndizi na mahindi sokoni: mmoja husema nilikuja, mwingine husema nilikuwepo. Abiria mwenzangu, mama wa Runyenjes aliyekuwa na kikapu cha parachichi, alinionyesha upande kilipo kichaka, akasema, "Sisi hatukukimbia mtu." Nilimpenda kwa uhakika wake.

Mji wa Embu ulianza kama kituo cha serikali ya kikoloni mwaka 1906. Uislamu uliingia huku bara pamoja na wapagazi, askari na wafanyabiashara kutoka pwani, ndiyo maana katika miji mingi ya mlimani msikiti uko karibu na soko na karibu na mtaa wa zamani wa Waswahili. Niliswali Adhuhuri Embu. Msikiti ni wa zege, una madirisha ya vioo na vipaza sauti, na kuba na mnara kama misikiti mingi ya siku hizi. Jambo moja lilinigusa. Makka, kutoka Embu, iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo. Na kaskazini ya Embu, kushoto kidogo tu mwa kibla, umesimama Mlima Kenya. Wazee wa huku waliuelekea mlima walipomwomba Mungu tangu kale. Nilipotoa salamu na kugeuza uso, nilitambua kwamba mwili wangu ulikuwa umesimama karibu kabisa na pale ambapo babu wa babu yangu angesimama kuomba mvua.

Kutoka Embu niliteremka Kiritiri, nchi ya Wambeere, ambako baridi huisha ghafla na miiba huanza. Kamburu nikavuka Tana, mto wenye mabwawa mfululizo: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Kisha barabara ya Mwingi, Garissa, Hola, Garsen. Sina mengi ya kusema kuhusu mwendo huo ila kwamba ni mrefu, ni wa joto, na mto huwa upande wako wa kushoto kama ndugu asiyesema. Maji ya Thuci na ya Rupingazi inayopita Embu yamo ndani yake, mekundu kwa udongo wa mashamba yetu, yakienda kumwagika baharini Kipini. Anayefuata mto huu hawezi kupotea. Hilo peke yake linatosha kunifanya niamini kwamba watu waliweza kutoka pwani na kufika mlimani bila ramani.

Garsen nilishika njia ya kusini kwanza, kwenda Gede, kwa sababu huko ndiko uliko mmoja wa miji ya kale ya Kenya iliyochimbuliwa vizuri zaidi. Gede uko ndani ya msitu, karibu na Watamu. Ukuta wake wa nje ulizunguka ekari kama 45. Mji ulinawiri karne ya 15, ukahamwa karne ya 17. Wareno walioishi Malindi, mwendo mfupi tu kutoka hapo, karibu karne nzima, hawakuutaja popote. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na nyumba nyingi akazipa majina ya vitu alivyovikuta ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya simbi. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mibuyu na mikuyu imeota ndani ya vyumba, na mizizi imezikumbatia kuta kiasi kwamba ukiing'oa, ukuta nao utakuja.

Msikiti mkuu wa Gede si mkubwa kwa macho ya mtu aliyezoea misikiti ya leo. Hauna kuba wala mnara. Misikiti mingi ya kale ya pwani haina. Mwadhini alipanda ngazi, akaadhini juu ya dari, na mji ulikuwa mdogo wa kutosha kumsikia. Kibla kiko kaskazini, na mimbari yake ni ngazi tatu za mawe zilizojengwa ukutani. Safu tatu za nguzo nene za mraba zilibeba dari, na safu ya katikati imesimama mbele ya kibla chenyewe, inamkinga imamu na macho ya waumini. Mgeni huliona jambo hilo kuwa kosa la ujenzi. Si kosa. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita mbili na nusu kwa matumizi hayo. Kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko mti. Ukitaka msikiti mkubwa, huongezi upana; unaongeza safu. Mti wa pwani ndio uliopanga mahali watu watasimama kuswali, na mafundi wakaukubali, wala hawakusafiri kutafuta mti mwingine.

Uani kuna kisima, na birika la kutawadhia, na mawe ya matumbawe yaliyokwaruzika ya kusugulia nyayo. Hapo ndipo nilipomkumbuka Ibn Battuta. Msafiri huyu wa Tanja, Moroko, alipita pwani hii mwaka 1331 akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja Mombasa. Aliandika kwamba misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na kwamba penye milango kulikuwa na visima vifupi ambavyo watu walivichota kwa chombo cha mti, wakaosha miguu na kuipangusa kwenye mkeka mzito kabla ya kuingia. Mtu huyu alikuwa ametoka nchi za Magharibi, ambako Waislamu wa Moroko na Andalusi walikuwa wamejenga misikiti ya kushangaza dunia. Ule wa Cordoba, ulioanzishwa na Abdulrahman wa Kwanza mwaka 785, ukaongezwa tena na tena hadi ukawa na nguzo zaidi ya 850 na matao ya mistari myekundu na myeupe, na mihrabu yenye nakshi za vioo na dhahabu. Mwaka 1236 mji huo ulitekwa, msikiti ukafanywa kanisa. Aliyezaliwa katika ulimwengu wa majengo kama hayo angeweza kupita Mombasa bila kuandika lolote. Ibn Battuta aliona ndoo ya mti, kisima kifupi na mkeka, akaviandika kwa heshima. Namshukuru kwa hilo.

Lakini kilichonifanya nikae Gede hadi mlinzi akaja kunitazama kiko juu ya tao la mlango mmoja wa msikiti huo. Mchongaji amechonga kichwa cha mkuki kwenye jiwe, kipana katikati, kimechongoka vizuri, kinaelekea juu. Hakuna maandishi kando yake. Nilikuwa nimesoma kwamba upo, na bado nilipouona nilishtuka. Mkuki, juu ya mlango wa nyumba ya sala, katika pwani ambayo mababu zetu wanasemekana kudaiwa mkuki ufike mbinguni. Sisemi kwamba mkuki wa Gede ndio wa hadithi yetu. Gede si Manda, na mkuki ulikuwa alama ya utawala katika miji mingi ya pwani. Ila najua kwamba mkuki uliotajwa kwenye hadithi haukuokotwa hewani. Mabwana walioweka mkuki mahali pa heshima kama pale wangeweza kudai mkuki.

Kutoka Gede nilirudi njia ya kaskazini, kupitia Witu, hadi Mokowe, nikavuka kwa boti hadi Lamu. Lamu ni mji wa kukaa, na wengi wameuandika. Mimi nilikuwa na haraka ya Takwa. Magofu hayo yako upande wa kusini wa kisiwa cha Manda, na njia ya kufikia ni mkono mwembamba wa bahari ndani ya mikoko, ambao hupitika maji yakijaa tu. Nahodha niliyempata, mzee wa Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, niliyemwita ami kama wanavyoitana huko, alikataa kuondoka mpaka maji yawe sawa. "Hapa bahari ndiyo yenye saa," alisema. Tuliingia kati ya mikoko kwa upondo. Maji yalikuwa mafupi kiasi kwamba nilikuwa nikiona mchanga chini. Nikamwuliza kama mtu anaweza kutoka Manda kwa miguu. Akanijibu kwamba ukijua mahali na ukijua bamvua, viko vivuko ambavyo maji yakitoka mtu hutembea kwenye matope. Hakujua kwa nini nimeuliza, nami sikumweleza papo hapo. Koomenjwe na fimbo yake nilikuwa nao moyoni.

Takwa ilikaliwa karne za 15 hadi 17. Nyumba zake ni vifusi chini ya mibuyu, ukuta wa mji bado unaonekana, na katikati umesimama msikiti wa Ijumaa. Juu ya ukuta wa kibla, nje, pameinuka nguzo ndefu ya mawe, kama zile zinazosimama juu ya makaburi ya watu wakubwa wa pwani. Wengine husema mtu mwema amelala chini yake. Nje ya ukuta wa mji liko kaburi jingine la nguzo, lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani mwishoni mwa karne ya 17 ya Miladia. Haukupita muda, watu wakahama. Maji ya visima yaliingia chumvi, na uhasama na Pate ulikuwa ukiwabana. Masimulizi ya Shela husema watu wa Manda walivuka hori wakaja kukaa Shela. Angalia tarehe. Takwa inahamwa karibu na 1700. Mababu wa Meru, kwa hesabu ya wanahistoria, wanatoka kisiwani karibu na wakati huo huo. Kama Mbwaa ni Manda, basi kisiwa kimoja, katika kizazi kimoja au viwili, kilimwaga watu pande mbili: wengine ng'ambo ya hori, wengine juu ya mto hadi kwenye baridi.

Niliingia msikitini nikapapasa kuta. Za nje ni za mawe magumu ya nchi kavu, yaliyochimbwa papo hapo kisiwani. Kibla chake ni cha matumbawe ya baharini, yale yanayokatwa yangali hai chini ya maji. Yakitoka ni laini, yanachongeka kwa kisu na tezo. Yakikauka yanakuwa magumu. Kwa hiyo kuna mtu aliyepiga mbizi. Kuna waliokuwa wakiyaleta pwani kwa dau yakiwa bado yanadondosha maji, na fundi aliyekuwa akingoja, maana kuchelewa ni kuharibu. Chokaa nayo ina safari yake: matumbawe na mawe hupangwa juu ya rundo kubwa la magogo ya mikoko, tanuu huwashwa, likiisha kupoa chokaa humwagiwa maji na kuachwa ikae miezi mingi ili iive. Ndiyo iliyopakwa kuta hizi hadi zikang'aa. Upande wa kaskazini wa kisiwa hiki hiki, kwenye mji wa Manda ulioanza karne ya 9 na kuchimbwa na Neville Chittick miaka ya 1960 na 1970, kuna kuta za kuzuia bahari zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe ambayo mengine yana uzito wa karibu tani moja. Tani moja, bila ya winchi.

Kwa muda mrefu waandishi walisema misikiti hii ni kazi ya wageni waliotoka Arabuni na Uajemi wakiwa na ramani za majengo kichwani. Kilichoiangusha hoja hiyo kiko kisiwa cha pili, Pate, kwenye magofu ya Shanga. Mark Horton alichimba huko miaka ya 1980, chini ya msikiti wa Ijumaa, akakuta misikiti mingine chini yake, mmoja juu ya mwingine. Wa chini kabisa ulikuwa wa miti na udongo, mdogo wa kutosha watu wachache, wa mwisho wa karne ya 8. Yaani wakati Abdulrahman anaweka msingi wake Cordoba, wavuvi wa Shanga walikuwa wamesimika nguzo zao za miti na kuelekea kibla. Ukafuata mwingine wa miti, kisha wa mawe, ukikua pamoja na mji, hadi Shanga ikahamwa karne ya 15. Hakuna siku ambayo jengo la mawe lilishuka kutoka kwenye jahazi. Limeota hapo, kutoka kwenye nyumba ya miti na makuti isiyo mbali sana na ile nyumba ya miti na nyasi iliyo uani kwa makumbusho ya Meru.

Na watu? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA kutoka mifupa ya watu 80, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya 1250 na 1800, Manda ikiwemo. Wengi walikuwa na nusu ya asili yao, au zaidi, kwa akina mama wa Kiafrika. Upande wa baba ulikuwa na Uajemi mwingi, na mchanganyiko huo ulianza kiasi cha mwaka 1000. Nilipousoma mara ya kwanza niliuchukulia kama habari ya watu wengine. Takwa niliusoma upya kichwani. Bibi za waliojenga msikiti huu walikuwa watu wa nchi hii. Huenda wengine walikuwa dada za waliotumikishwa.

Sasa nina cha kumwambia baba mkubwa, na nitakisema kama nilivyokiona. Hadithi ya Mbwaa ni hadithi ya kazi. Ndara, ndama, mkuki: kila amri ya Nguo Ntuune ni amri ya kufanya kazi, na kila ushindi wa mababu ni ushindi wa fundi anayejua ngozi na anayejua ng'ombe. Walioshindwa na mkuki mmoja tu hawakuwa watu wanyonge wa mikono. Ikiwa walikaa kisiwani humu, mikono hiyo ilikata mikoko, ilichoma chokaa, ilibeba matumbawe. Mimi naamini hivyo. Kisha sisi tukaja kuwapa mabwana msikiti mzima, tukajibakizia uchungu peke yake, na hilo si haki kwa mababu. Simwambii asahau dhuluma; mtu aliyetumikishwa ana haki ya kukumbuka hadi kizazi cha mwisho. Ninamwambia kwamba kibla kile, yeye na mimi, tunaweza kukidai.

Nahodha alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta, na nilipomaliza kumsimulia habari ya Mbwaa alinyamaza, kisha akaniambia jambo ambalo vitabu navyo hulitaja: watu wa Shela bado huja hapa Takwa mara mbili kwa mwaka kuomba mvua. Huvuka hori, husafisha, husoma, huomba, hula pamoja, hurudi. Mji hauna mtu zaidi ya miaka 300, lakini mvua bado huombwa kwake. Nikamweleza kwamba kwetu wazee huuelekea mlima kwa haja hiyo hiyo. "Basi nyinyi mnaomba kule juu inakotoka," akasema, "na sisi tunaomba huku chini inakoishia." Tukaondoka upesi, maana maji yalikuwa yameanza kupwa.

Ijumaa niliswali Shela, kwenye msikiti uliojengwa mwaka 1829, ambao mnara wake mweupe wenye ncha huonekana ukiwa bado kwenye boti. Nguzo ni nene na zimekaribiana, kwa sheria ile ile ya boriti, ila hapa kuna mazulia na feni na watoto wanaosukumana safu ya nyuma. Baada ya swala nilimkuta nje fundi mwashi wa makamo akitengeneza ukuta uliobabuka. Alikuwa akibandua saruji iliyopakwa zamani na mtu mwingine, akirudisha chokaa. Saruji, alinieleza, hufunga unyevu ndani ya matumbawe. Chumvi hukosa pa kutokea, na ukuta huliwa kutoka ndani mpaka unamomonyoka. Chokaa hupumua. Lakini chokaa nzuri ni ghali, kuni za mikoko hukatwa kwa kibali, na vijana hawana subira ya kungoja miezi. Alinipa donge nilifinyange kidoleni nione lilivyo laini likiwa limekaa vya kutosha. Akaniuliza nimetoka wapi. Nilipotaja Meru, aliweka mwiko chini akacheka kwa furaha, akaonyesha ng'ambo ya maji, upande wa uwanja wa ndege wa Manda.

"Miraa yenu twaiona kila siku," alisema. "Nyinyi wenyewe ndio hatuwaoni."